Tathmini ya pasipoti ya Uswisi ya 2022: mapambo yanayofanya kazi ya ulinzi

Picha nyingi za urithi zilizomo kwenye pasipoti za dunia hazilindi chochote. Serikali inamwita mchoraji, anachora mlima, mnara, mnyama na shujaa. Kampuni ya uchapaji nayo inapachika alama zake za usalama pembeni, na vitu hivyo viwili vinakaa ukurasa mmoja bila kujuana. Mghushi hahangaiki na mlima huo. Anauskani, anauchapa, imekwisha. Pasipoti ya Uswisi iliyoanza kutolewa tarehe 31 Oktoba 2022 ni miongoni mwa chache ambazo ukiiondoa picha ya urithi, ulinzi nao unaondoka. Ndiyo maana tunaipitia hapa kwa kirefu, na nyingine tunaziweka kando yake kwa kuzipima.

Kwa nje hakuna cha kushangaza. Jalada ni jekundu, rangi ambayo Waswisi wamekuwa nayo tangu 1959, na jina la nchi limeandikwa kwa lugha tano: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kiromanshi na Kiingereza. Mambo yanaanza ukifungua. Studio ya RETINAA ya Geneva ilichukua wazo la maji: yanatoka kwenye vilele vya Alpi, yanateremka mabondeni, yanapita katika kantoni 26, yaani majimbo ya nchi hiyo, na kutoka kwenda duniani. Lakini hawakuchora mandhari ya kadi ya posta. Walichora kontua, zile zile za somo la jiografia, mistari inayozunguka mlima na kuunganisha sehemu zenye kimo kimoja.

Kwa Waswisi mistari ya ramani ni urithi hasa. Kati ya 1845 na 1865 Jenerali Guillaume-Henri Dufour alitoa ramani ya nchi nzima kwa kipimo cha 1:100,000, iliyochongwa kwenye mabamba ya shaba. Taifa lilikuwa changa, na kwa wengi ramani hiyo ndiyo iliyowaonyesha kwa mara ya kwanza nchi yao ikiwa kitu kimoja. Kilele kirefu kuliko vyote nchini humo, chenye mita 4,634, kikapewa jina lake: Dufourspitze. Na kuchonga mistari membamba kwenye shaba ni fundi yuleyule na mkono uleule wa kuchonga bamba la noti za benki. Ukitazama kwa jicho la mchapaji, ramani ya mlima na noti ni ndugu.

Kwa nini mstari unashinda picha? Printa ya kawaida, fotokopi na magazeti hutengeneza rangi zote kwa nukta za wino wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Picha ya mnyama machweo ikiingizwa kwenye pasipoti kwa njia hiyo, mghushi mwenye printa nzuri ana kila kitu anachohitaji, kwa sababu nakala yake na asili zote ni nukta. Uchapaji wa usalama hutumia wino uliochanganywa rangi yake kabla ya kuingia kwenye mashine, na kila mstari unatoka mzima. Zaidi ya hapo, rangi mbili huwekwa kwenye hodhi moja la wino, na mashine inapozunguka zinakutana katikati na kuyeyukiana, hivyo mstari mmoja unaanza bluu upande wa kushoto na kuishia kijani upande wa kulia bila mahali pa kuungia. Wachapaji wanauita uchapaji wa upinde wa mvua. Weka lenzi ya kukuza mara 10 juu yake: asili inaonyesha uzi mmoja unaobadilika rangi taratibu, nakala inaonyesha mchanga wa nukta.

Kontua inaongeza kitu ambacho mapambo ya kawaida ya giloshi, yale maua ya mistari inayosokotana kwenye noti na vyeti, hayana. Giloshi hutokana na hesabu, na mtu mwenye programu na subira anaweza kuibahatisha hesabu hiyo na kuikaribia. Mlima haukutokana na hesabu. Kwenye mteremko mkali kontua zinasongamana, mpaka skana inashindwa kuzitenganisha: zinagandana kuwa doa, au zinazaa mawimbi ya uongo ambayo hayamo kwenye asili. Kwa mkaguzi, mahali pa kutupia jicho kwanza ni hapo penye msongamano. Kwenye uwanda wa wazi hata nakala mbovu hupita.

Kuna tobo moja katika hoja hiyo, na haki ni kulitaja. Tangu Machi 2021 data za ramani za serikali ya Uswisi zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo umbo la mlima si siri. Kinachobaki kumzuia mghushi ni wembamba wa mstari, wino, na kupatana kwa tabaka moja na jingine kwa vipimo ambavyo mashine za mtaani hazivifikii. Siri haikuwa nguzo, na vizuri hivyo; ulinzi unaotegemea siri huanguka siku faili linapovuja.

Zima taa za chumba, washa taa ya urujuanimno (ultraviolet), na kontua zinawaka gizani. Hapa ndipo picha za mitandaoni zilipoipa pasipoti hii umaarufu, na kwa mara moja umaarufu una sababu. Karatasi ya pasipoti hutengenezwa bila kemikali ya kung'arisha weupe, hivyo chini ya taa hubaki imefifia, karibu nyeusi. Karatasi ya ofisi huwaka samawati kama shati jeupe disko. Wino unaowaka unauzwa madukani, lakini mghushi kwa kawaida anapata rangi moja na kuipiga kwa stempu au printa, na mistari inatoka minene yenye kingo zilizochomoka. Kontua kumi zilizobanana hazivumilii unene huo. Zinakuwa utepe mmoja, na kosa linaonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Angalizo kwa wanaonunua tochi za kazi hiyo, makarani wa benki, hoteli na ofisi za ajira: tochi nyingi za bei nafuu hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 395. Zinatoa zambarau kali inayoonekana kwa macho na kuufunika mng'ao mdogo wa wino, ukadhani pasipoti ya kweli ni ya bandia. Itafute iliyoandikwa 365. Na kabla ya kumshuku mtu kwa sababu kurasa zote zinawaka, mulika pia jalada kwa ndani na uzi wa mshono, kisha angalia kama wino wa mihuri umetawanyika. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ileile ya kung'arisha weupe. Pasipoti iliyofuliwa ndani ya suruali huwaka kotekote ingawa ni halali kabisa.

Ukurasa wa taarifa za mwenye pasipoti, kwa mara ya kwanza nchini humo, ni wa polikaboneti. Tabaka kadhaa za plastiki hiyo huyeyushwa pamoja kwa joto na shinikizo bila gundi, halafu leza inachoma picha na maandishi ndani yake kwa rangi ya makaa. Hakuna tabaka la kubandua wala wino wa kufuta kwa kemikali. Pitisha ukucha juu ya maandishi yaliyochomwa kwa nguvu zaidi, utayahisi yameinuka. Udhaifu wa kurasa za namna hii, popote zinapotengenezwa, uko kwenye bawaba: ule ukanda laini unaouunganisha ukurasa mgumu na mshono wa kijitabu. Ukikunjwa nyuma kila siku unapata ufa, na mkaguzi mwenye macho huanza kwa kutazama hapo kwa sababu ndipo anapopitia anayetaka kuuchomoa ukurasa mzima.

Lawama zetu kwa pasipoti hii ni mbili. Kwanza, kurasa zake ni za familia moja mno. Kwa mtu asiyezijua kantoni, mlima huu na ule ni sawa, kwa hiyo ukurasa mmoja ukichomolewa, pengine kwa sababu una muhuri wa kufukuzwa nchini, picha peke yake haitamshtua afisa. Finland walilitatua hilo katika toleo lao la 2012 kwa kitu kinachofanana na mchezo wa watoto: chini ya kila ukurasa kuna elki, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba anatembea. Ukurasa ukikosekana, anaruka. Hakuna taa wala lenzi, ni kidole tu. Tukiambiwa tuchague wazo moja la kuiga katika pasipoti zote tulizozitaja humu, tungechukua elki.

Pili, sehemu nzuri zaidi imefichwa. Anayeikagua kwenye kituo cha barabarani, umeme umekatika na tochi imeisha betri, anabaki na yanayoonekana kwa jicho na mkono, na kontua za rangi nyepesi zinahitaji mtu aliyefundishwa. Wataalamu huzigawa alama za usalama katika ngazi tatu: za jicho na mkono, za lenzi na taa, na za maabara. Uswisi imewekeza zaidi ngazi ya pili.

Norway wamekutwa na jambo hilohilo kwa sura nyingine. Mashindano yao ya 2014 yalishindwa na Neue Design Studio ya Oslo, na vitabu vikaanza kutolewa Oktoba 2020. Mandhari ya nchi yamechorwa kwa mistari michache na rangi hafifu. Chini ya taa ya urujuanimno mchana unageuka usiku na miali ya kaskazini, ule mwanga wa rangi unaoonekana usiku karibu na ncha ya dunia, inacheza angani. Kuna akili ndani yake: kurasa za viza zinatakiwa ziwe nyepesi ili muhuri usomeke, na wao wameuhamishia uzito wote gizani, mahali ambapo haumsumbui anayegonga muhuri. Ila miali ya kaskazini haina kingo. Afisa hawezi kusema kwa hakika kama ukungu ule wa kijani umekaa mahali pake au ni wino uliopakwa. Kontua ama ipo mahali pake ama haipo. Kwa uzuri Norway inashinda, kwa ukaguzi Uswisi.

Japani ilitegemea umaarufu. Kuanzia Februari 2020 kurasa za viza zimebeba michoro ya Mlima Fuji ya Hokusai, msanii wao wa zamani, 24 kwenye kitabu cha miaka 10, na kila kurasa mbili zinazotazamana zina mchoro wake. Michoro hiyo asili yake ni mbao zilizochongwa, yaani mistari, kwa hiyo inaingia kwenye uchapaji wa usalama bila kulazimishwa. Wimbi lile kubwa dunia nzima inalijua, na jicho hushtuka likipotoka. Wabelgiji walipoingiza wahusika wao wa katuni, Tintin na Smurfs, mwaka 2022, faida ilikuwa hiyohiyo: mstari safi wenye kingo, na sura ambazo kila mtoto anazitambua.

Utambuzi wa sura ndio uliowapa Waingereza alama yao bora katika toleo la 2015: uso wa Shakespeare kama alama ya maji katika kila ukurasa. Alama ya maji huzaliwa karatasi ikiwa bado uji, sehemu nyingine zikiachwa nene na nyingine nyembamba, na binadamu ameumbwa kuona kasoro ya uso haraka kuliko kasoro ya ua au ngao. Ya bandia huchapwa kwa wino mweupe au wa kijivu juu ya karatasi. Inaonekana hata bila kuinua ukurasa kwenye mwanga, haina vivuli vya kati, na chini ya taa mara nyingi inajianika yenyewe. Toleo hilohilo lilipoteza heshima kwa jambo lisilohusu wino: kati ya watu tisa wa sanaa na ubunifu walioenziwa, wanawake walikuwa wawili tu, Ada Lovelace na Elisabeth Scott. Maneno yakawa mengi.

Hapo ndipo urithi unapogeuka mzigo. Pasipoti ya miaka 10 haiwezi kuitwa irudi. Kanada walitoa kitabu kipya 2013 chenye kumbukumbu ya mapigano ya Vimy ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na picha ya Terry Fox, mkimbiaji aliyechangisha fedha za utafiti wa saratani, wakavitoa vyote viwili katika toleo la 2023 na kuweka mandhari, wanyama na majira. Maveterani na wapinzani bungeni walikasirika. Na huku kelele zikiendelea, vitabu vya zamani bado vitapita mipakani hadi 2033. Kila afisa duniani anatakiwa azijue sura zote mbili. China walikwenda mbali zaidi mwaka 2012: ramani iliyochapwa ndani ya pasipoti iliingiza maji na ardhi zinazogombaniwa. Vietnam na Ufilipino zikakataa kuigongea muhuri na kuweka viza kwenye karatasi ya pembeni, India ikajibu kwa viza zenye ramani yake yenyewe. Msafiri wa kawaida ndiye aliyebeba usumbufu.

Kuna watakaosema haya yote yamepitwa, kwamba chipu inatosha. Chipu kweli ina nguvu: data zake zimetiwa sahihi ya kidijitali ya nchi iliyotoa, na haisomeki mpaka msomaji apate namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha kutoka kwenye mistari miwili ya herufi 44 iliyo chini ya ukurasa. Lakini kwa nchi nyingi pasipoti ambayo chipu yake imekufa bado ni halali, na wahalifu wanalijua hilo. Chipu ikinyamaza, kinachosema ni karatasi.

Kwa mwenye pasipoti mkononi na dakika moja, utaratibu wetu ni huu. Anza na bawaba na mshono. Kisha pitisha ukucha kwenye maandishi ya leza. Inamisha ukurasa wa taarifa mbele na nyuma: picha inayobadilika ibadilike mara moja, si kufifia tu. Inua karatasi kwenye mwanga utafute alama ya maji na vile vipande vya umbo vilivyochapwa nusu mbele nusu nyuma, vikutane barabara. Lenzi na taa vije mwisho, kwenye ukurasa ambao hauna mihuri. Kwa kulinganisha, sajili ya PRADO ya Baraza la Umoja wa Ulaya ina picha za nyaraka halisi za nchi nyingi na ni ya bure.

Kwetu, kijitabu cha samawati cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilizinduliwa na wakuu wa nchi jijini Arusha Machi 2016. Kenya ikaanza kukitoa 2017, Tanzania Januari 2018 kwa shilingi 150,000. Nembo ya Tanzania, yenye bibi na bwana, pembe za ndovu, Kilimanjaro, karafuu na pamba, ina vitu vingi mno kwa dhahabu ya jalada. Dhahabu hiyo hugandishwa kwa joto, mistari membamba hujaa, na jasho la pwani huimaliza kabla ya muda. Nembo ya namna hiyo inakaa vizuri upande wa ndani wa jalada, kwa wino mzito unaoinuka.

Toleo lijalo lina hazina ambayo Uswisi wangeionea wivu. Chukua kanga. Pindo lake ni mchoro unaojirudia, linaomba uchapaji wa upinde wa mvua. Jina lake lingekuwa maandishi madogo chini ya milimita 0.25, yanayosomeka kwa lenzi tu. Kila ukurasa na jina lake, na msomaji yeyote wa Kiswahili angelikamata kosa la apostrofi kwenye ng' ambalo mghushi wa ng'ambo hajui kama ni kosa. Milango ya Unguja na Lamu ni nakshi ya kuchonga, na wino unaoinuka ungeipa kidole hisia ya mbao. Humo humo unaweza kufichwa mchoro wa pili: mistari ya herufi ikilazwa wima na ya usuli ikilazwa mlalo, neno linaonekana ukurasa ukiinamishwa tu. Kofia za mkono zenye vitundu vilivyoshonewa kimoja kimoja zingekuwa namba ya pasipoti iliyotobolewa kwa leza, vitundu vikubwa na vidogo. Picha ya nyumbu wa Serengeti ukurasa mzima, kwa rangi nne za nukta, iachwe kwenye kalenda.

Zabuni iandikwe hivyo tangu mwanzo: mchoraji na mchapaji waingie pamoja, mchoraji apewe wino mbili au tatu badala ya rangi zote za kompyuta, na sampuli ikubaliwe baada ya kutazamwa chini ya lenzi ya mara 10 na taa ya 365, siyo kwenye skrini ya projekta. Ramani zenye mipaka zisiingie kabisa. Tanzania na Malawi hazijakubaliana mstari unapita wapi ndani ya Ziwa Nyasa, na mstari wowote utakaochapwa utagombewa dirishani pale Kasumulu na Songwe. Samaki wa ziwa lile, mbuna wenye milia, wanachoreka kwa mistari vizuri zaidi na hawana mgogoro na mtu.